Kompyuta ya Mama Mkunga

Tarehe 4 Februari

Mkwe wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itawakuta wewe na mwanangu mkiwa wazima, mnakula vizuri na kulala vizuri. Mimi huku sijambo. Goti la kushoto linanikumbusha umri kila nikipanda ngazi, ila nikishafika juu linanyamaza. Sikio ndilo lile lile. Simu naisikia kama mtu anaongea akiwa ndani ya ndoo, ndiyo maana sikupigi. Na barua pepe zangu, kama ulivyoona, zimekatika ghafla. Usidhani nimewanunia. Kompyuta inaumwa.

Nakueleza dalili kama nilivyozoea kuandika kwenye faili la mgonjwa. Asubuhi nikiiwasha iko vizuri. Ikikaa kidogo inaanza kuvuma kama lori linapanda mlima, ubavu unakuwa wa moto, halafu inazima yenyewe bila kuaga. Ikipoa inawaka tena, na mambo yanarudi pale pale. Jirani yangu, yule fundi cherehani, ameikagua akasema hivyo ni virusi, niipeleke kwa mtu anayemjua yeye, anavitoa kwa sindano. Fundi cherehani anasema vitu vingi.

Ningeiacha ife, maana nimeishi miaka mingi bila kompyuta na watoto walizaliwa vilevile. Lakini kuna jambo. Hospitali wamejenga wodi mpya ya wazazi, nao wameniomba mimi niliyezeekea kwenye ile ya zamani niwaandalie picha kubwa ya ukutani: nyuso za watu niliowapokea duniani, zimepangwa pamoja kama vigae. Akina mama wananiletea picha za watoto wao, naziingiza kwenye kompyuta kwa ile skana mliyoniletea. Sebule yangu siku hizi ina foleni kuliko zahanati. Ufunguzi ni mwezi wa saba, na mgonjwa wangu anazimia kila mara.

Mwanangu najua yuko porini na vyombo vyake vya kupima ardhi, na hata angekuwepo angesema, "Mama, zima uwashe." Wewe ndiye fundi. Unisamehe kwa kukuongezea kazi juu ya kazi.

Ni mimi,
Mama mkwe wako


Tarehe 11 Februari

Shikamoo Mama,

Barua yako imefika salama na nimefurahi kusikia u mzima. Pole kwa goti. Sisi hatujambo. Mwanao amerudi kutoka porini akiwa na ndevu na matope, anakusalimu sana. Mimi niko salama pia, ni uchovu tu wa kazi. Nikitoka chuoni najilaza kidogo, nashtukia nimelala na viatu. Harufu ya vitunguu vikikaangwa nayo imenishinda siku hizi, kwa hiyo yeye ndiye anayepika, nami nakuandikia nikiwa nje kibarazani.

Sasa mgonjwa wetu. Mama, naomba nikuulize kitu na usinielewe vibaya. Tulipokuja mara ya mwisho niliona kila kitu sebuleni kwako kimevalishwa kitambaa cha kufuma: televisheni, redio, hata mgongo wa kochi. Je, kompyuta nayo imevalishwa? Kama ndiyo, nadhani ugonjwa tumeupata. Kompyuta ina feni ndani na inapumua kupitia yale matundu ya nyuma na ya ubavuni. Ukiyaziba inapata joto, na ikizidiwa inajizima ili isiungue. Haikatai kazi, inajiokoa.

Izime, chomoa waya ukutani, uiache ipoe. Chukua brashi laini, hata ya kupakia rangi, utoe vumbi kwenye matundu polepole. Isogeze mbali kidogo na ukuta. Kitambaa kivishe kitu kingine. Sindano haitahitajika.

Wala hunisumbui, Mama. Wanafunzi wangu hawajawahi kunieleza tatizo vizuri kama ulivyonieleza wewe.

Wako mtiifu,
Mkweo


Tarehe 20 Februari

Mkwe wangu,

Salamu nyingi, na natumaini uchovu umepungua. Mimi sijambo na kompyuta haijambo. Nilikuwa nimemfunika mgonjwa pua na mdomo, tena kwa kitambaa kizuri kuliko vyote nilivyo navyo, kile cha waridi. Vumbi lililotoka lingetosha kujaza mto wa kulalia. Sasa inakaa macho kutwa nzima, kimya, kama mtoto aliyeshiba. Fundi cherehani nilipomwambia alisema hata yeye alihisi hivyo.

Ila homa ikishuka ndipo unapoona vipele. Kwa kuwa sasa haizimi, nimegundua kuna watu wanaingia humo bila hodi. Naangalia picha ya mtoto, mara anatokea mwanamke anauza viatu. Namfukuza, anakuja mwanamume ananipongeza kwa ushindi ambao sikuushindania. Yote yalianza wiki ile nilipoona kijidirisha kinasema, "Kompyuta yako ina virusi, bonyeza hapa tuisafishe bure." Nikaona watu wema hawa. Nikabonyeza. Tangu hapo sina amani. Halafu fundi cherehani naye alikuwa ameshachomeka flashi yake ya nyimbo, ambayo huwa anaizungusha kwa marafiki zake wote.

Nimempa kondakta wa basi kifurushi chako. Ndani kuna tangawizi kavu na biskuti ngumu zisizo na utamu. Biskuti ziweke kando ya kitanda, ule moja au mbili asubuhi kabla hujainua kichwa. Hizo ni za uchovu.

Ni mimi,
Mama mkwe wako


Tarehe 1 Machi

Shikamoo Mama,

Hujambo wewe, goti halijambo? Kifurushi kimefika na nakushukuru mno. Biskuti zimesaidia sana uchovu. Mwanao alionja moja akasema ni kama kutafuna kigae, lakini mimi sikuacha hata chembe.

Kuhusu wageni wasiopiga hodi: Mama, kile kijidirisha kilichosema una virusi ndicho kilicholeta virusi. Daktari wa kweli hapiti nyumba kwa nyumba akiwaambia watu wanaumwa. Wewe ulibonyeza kwa nia njema, wakaingiza programu yao, nayo ikazima ile kinga iliyokuja na kompyuta yenyewe. Nimekuandikia kwenye karatasi ya pembeni jinsi ya kuiondoa na kuiwasha kinga upya. Ukishaiwasha, iache isasishwe mpaka imalize, hata kama itachukua muda mrefu. Virusi vipya vinatoka kila siku, na kinga ya mwaka jana haivijui. Kisha iambie ikague kompyuta yote. Flashi ya fundi cherehani naomba isiingie tena kabla ya kukaguliwa.

Jambo lingine ni nenosiri lako. Uliniambia ni "mkunga". Mama, mji mzima unakuita Mama Mkunga. Hata mwizi mgeni angekisia. Tunga sentensi nzima ambayo ni wewe tu ungeisema, yenye herufi na namba, na usiibandike ukutani.

Kwenye kifurushi hiki kuna diski ya nje. Kila ukipata picha mpya, zinakili humo, kisha uichomoe na kuiweka kabatini. Muhimu ni kuichomoa. Nakala ikiachwa imechomekwa ni sawa na ufunguo wa akiba uliouacha mlangoni.

Nimeandika kama ninayekufundisha. Unisamehe.

Wako,
Mkweo


Tarehe 19 Machi

Mkwe wangu,

Hamjambo nyote? Huku ni heri tupu. Nifundishe tu. Mimi nimefundisha wasichana wangapi kukata kitovu, na kila mmoja alianza kwa kutetemeka.

Nimefuata karatasi yako mstari kwa mstari. Kabla sijaigusa nilijikuta nanawa mikono mpaka kwenye viwiko, kwa mazoea, fundi cherehani akacheka mpaka akakaa chini. Kinga imefufuka. Ilikagua nikapika, nikala, nikafua, bado inakagua. Mwisho ikaniletea majina ya ajabu mengi, ikasema imeyaweka karantini. Neno hilo nalijua vizuri. Niliketi nikaitazama kama muuguzi mwenzangu. Mwanamke wa viatu hajaonekana tena. Nenosiri nimelibadilisha. Siwezi kuliandika hapa, ila lina habari za marehemu baba mkwe wako na kofia yake, na hakuna mwizi atakayelipata.

Flashi ya fundi cherehani nimeikataa. Nilimwambia hakuna kuingia wodini bila kukaguliwa. Akanuna, kisha jioni akaja kuniuliza kama kompyuta ya duka lake nayo inaweza kukaguliwa.

Picha zinaendelea kuja. Jana alikuja dereva wa lori, mtu mzima mwenye shingo kama gogo, kaleta picha aliyopigwa akiwa uchi ndani ya beseni. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama naweza kukata chini ya kiuno. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi ndiye niliyekuona wa kwanza kuliko wote, unanificha nini?" Lakini nimemkatia.

Nimekutumia gauni. Nililiona nikakukumbuka. Halina kiuno, lakini siku hizi ndiyo mtindo, au kama si mtindo basi utakuwa. Jioni ukikaa weka miguu juu ya kigoda. Hiyo pia ni kwa ajili ya uchovu.

Ni mimi,
Mama mkwe wako


Tarehe 2 Mei

Mkwe wangu,

Salamu baada ya kimya kirefu. Kimya cha Aprili kilikuwa cha kazi, maana picha zilikuja kama mvua, nami niliona nikuandikie nikishamaliza. Sasa naandika kwa haraka, basi linaondoka mchana huu.

Asubuhi nilipata barua pepe imeandikwa inatoka hospitalini. "Orodha ya wageni wa ufunguzi, tafadhali fungua uhakiki jina lako." Nilikuwa naingoja orodha hiyo. Nikaifungua. Hakukuwa na orodha. Kompyuta ikafikiri kidogo, halafu skrini ikawa nyekundu yote, na maandishi yakasema mafaili yangu yamefungwa kwa kufuli, nilipe wanipe ufunguo, na kuna saa inahesabu kurudi nyuma. Nimejaribu kufungua picha, hazifunguki. Majina yake yamegeuka vitu visivyosomeka. Nimepiga simu hospitali, nikawaomba waseme kwa kupayuka. Wamesema hawajatuma kitu.

Ile diski yako iko kabatini, imechomolewa kama ulivyosema. Lakini nakala ya mwisho niliweka mwanzoni mwa Aprili. Nilisema nitanakili zote pamoja nikipata nafasi. Wengi wamekuja baada ya hapo. Wengine walisafiri kuniletea picha moja, nikaiingiza, nikawarudishia, wakaenda zao.

Mkwe wangu, sijawahi kukuomba kitu kikubwa. Nakuomba uje. Hata kwa siku mbili. Nimekaa mbele ya skrini hii nyekundu na sijui nishike wapi. Kwenye wodi sijawahi kutojua nishike wapi.

Mama mkwe wako


Tarehe 3 Mei

Shikamoo Mama,

Barua yako imenifikia asubuhi hii na jibu linarudi na basi hilo hilo. Vuta pumzi kwanza, kisha fanya haya.

Chomoa waya wa intaneti. Usilipe chochote. Hao ni wezi, na mwizi akishalipwa hana sababu ya kukufungulia, ana sababu ya kurudi. Ile saa ni ya kukutisha. Diski ya kabatini iache huko huko, usiichomeke hata kuichungulia, mpaka kompyuta iwe safi kabisa. Ikigusa uchafu huo nayo itafungwa. Nimekuwekea flashi mpya niliyoiandaa leo. Itafuta kila kitu ndani ya kompyuta na kuijenga upya kama ilivyotoka dukani. Maelekezo nimeandika kwa herufi kubwa. Baada ya hapo washa kinga, isasishwe, badilisha manenosiri yote, ndipo uchomeke diski. Nenosiri la barua pepe libadilishe leo kwa simu ya mtu unayemwamini. Na watu wenye picha ambazo hazimo kwenye diski watafutwe waombwe upya. Hilo haliepukiki, Mama, nami naumia kukuambia.

Usijilaumu. Barua zile zinatungwa na watu wanaojua mtu anangoja nini. Mwezi uliopita mmoja aliwapata walimu wawili hapa chuoni, na mimi ndiye niliyewafundisha kujihadhari.

Sasa la pili. Siwezi kuja, na lazima nikuambie kwa nini, la sivyo utadhani nimekataa wito wako.

Mama, nina mimba. Imeingia mwezi wa tano. Daktari amenikataza safari ndefu kwa sababu ya iliyopita. Hukujua kuhusu iliyopita. Ilikuwa mwaka wetu wa kwanza wa ndoa. Nilikuwa nimewaambia wenzangu wote kazini na dada zangu wote, nikiwa na furaha ya mtu asiyejua lolote, halafu ikanibidi nizunguke nikiwaambia tena mmoja mmoja kwamba hakuna. Kila mmoja alinipa pole, na kila pole ilikuwa kama kupoteza upya. Wewe tu ndiye ambaye sikuwa nimekuambia bado. Nilikuwa nataka nije nikuambie uso kwa uso. Safari hii nilimwambia mwanao tufunge mdomo hata kwako, mpaka mtoto alie. Alikubali lakini hakupenda.

Usimkasirikie. Na mimi pia, kama unaweza.

Mkweo


Tarehe 8 Mei

Mwanangu,

Hujambo. Mtoto hajambo. Sikuulizi, nasema.

Nilijua tangu vitunguu. Barua yako ya kwanza niliisoma nikaiweka mezani, nikafanya hesabu kwa vidole, nikaenda kununua biskuti. Unadhani nani anakula vigae vile kwa ajili ya uchovu? Sikuuliza kwa sababu mkunga mzuri hagongi mlango ambao mwenyewe anaelekea kuufungua. Nilikaa tu karibu, nikapitisha vitu chini ya mlango.

Lakini hilo la kwanza sikulijua, na nimelilia leo. Si kilio cha kukuongezea mzigo. Nimelia kwa kuwa ulilibeba ukaja hapa kwangu, ukaniamkia, ukanisaidia kuosha vyombo, ukaniwekea kompyuta, na mimi nimekaa na wanawake wa namna yako maisha yangu yote, nisione. Nakuambia nililowaambia wote, na halikuwa maneno ya kufariji: hukukosea kitu. Si ngazi, si ndoo, si furaha uliyoitangaza. Furaha haiui mtoto. Ukitaka kunyamaza safari hii, nyamaza, nami nitanyamaza nawe. Hata fundi cherehani hataambiwa, na unajua huo ni mtihani wa aina gani.

Sasa kompyuta. Flashi yako niliipokea kama damu ya kuongezewa. Nilisoma maelekezo mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa. Mahali palipoandikwa "HAPA ITAKUULIZA KAMA UNA UHAKIKA, JIBU NDIYO" mkono uligoma. Nikakumbuka wasichana wangu wanaotetemeka. Nikajibu ndiyo. Skrini nyekundu ikazimika, ikawa nyeusi, kisha ikawa ya samawati, ikanikaribisha kwa adabu kama hatujawahi kukutana. Diski niliichomeka mwisho kabisa baada ya kinga kumaliza kazi yake. Picha zote za mpaka Aprili zimo. Zote, mwanangu, na dereva wa lori na beseni lake.

Za baadaye nitazitafuta. Wewe weka miguu juu.

Ni mimi,
Mama


Tarehe 10 Juni

Shikamoo Mama,

Natumaini u mzima na pilikapilika za picha hazijakuchosha. Mimi nina afya, na gauni lisilo na kiuno limeanza kupata kiuno chake. Nalivaa kila baada ya siku moja. Wenzangu wameshaona, hakuna wa kufichwa tena, na kumbe nimeweza kuwajibu "ndiyo" bila kuogopa.

Anacheza, Mama. Akisikia feni za kompyuta za maabara zinavuma anatulia, nikizizima anaanza mateke. Mwanao anasoma kitabu cha ujauzito kama anavyosoma ramani. Jana aliniwekea kidole tumboni akasema kichwa kiko kaskazini-mashariki.

Barua yako ya Mei naisoma kila nikiwa na wasiwasi.

Umepata watu wangapi? Na unanakili?

Mwanao


Tarehe 21 Julai

Mwanangu,

Hamjambo nyote wawili na mpimaji wenu? Mimi bado naelea. Jana ilikuwa ufunguzi.

Nakiri nilidhani nitawapoteza nusu. Niliwaandikia niliowajua, nikampa fundi cherehani kazi ya kutangaza, maana Mungu hakumpa mdomo ule bure. Alitangaza dukani, sokoni, kwenye kituo cha mabasi: picha za Mama Mkunga zimeibiwa na majambazi wa kwenye kompyuta, kila aliyezaliwa mikononi mwake alete sura yake upya. Majambazi alikuwa amewaongezea bunduki, lakini sikumsahihisha.

Wakaja. Mara ya kwanza walikuja akina mama na picha. Safari hii walikuja wenyewe. Kila mmoja alisema, "Mama alikuja peke yake nikiwa kazini, na mimi nilitaka kuja." Kuna mapacha waliosukumana kwenye kochi langu wakigombea nani alitangulia, wakaniomba niamue. Nilikumbuka, lakini nilikataa kusema, nikaona ni bora wagombane mpaka uzeeni. Kuna mwalimu wa hesabu aliyeleta picha yake na ya binti yake, wote wangu, kidevu kimoja. Kuna mwanamke aliyesimama mlangoni akasema hana picha hata moja ya utotoni, nyumba yao iliungua. Nikampiga picha hapo hapo kwa simu ya jirani, na hivyo ndivyo alivyo ukutani: mtu mzima katikati ya watoto wachanga, anacheka kuliko wote. Kila jioni nilinakili. Fundi cherehani alikuwa anasimama nyuma yangu anasema, "Chomoa." Na yeye kanunua diski yake sasa, anawahubiria wateja.

Zikawa nyingi kuliko zilizoibiwa. Ukuta ukajaa, ikabidi waongeze na ukuta wa pili.

Mganga mkuu alihutubia, sikusikia neno. Wakanipa zamu yangu. Nilikuwa nimetayarisha hotuba, nikaiacha mkobani. Nilisema tu kwamba kila uso pale uliingia duniani kwa makelele, na kwamba kuna mtu mmoja ambaye kazi yake iko kwenye ukuta ule wote lakini sura yake haimo, kwa sababu yuko mbali na ana shughuli muhimu kuliko zetu. Hawakuelewa. Walipiga makofi vilevile.

Niandikie tarehe aliyokupa daktari.

Mama


Tarehe 6 Septemba

Shikamoo Mama,

U hali gani, na mgonjwa wetu wa mezani je? Huku sote salama. Daktari amesema mwisho wa mwezi huu, na kwamba kila kitu kiko mahali pake.

Niliisoma barua ya ufunguzi kwa sauti na mwanao akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoka nje kuangalia kitu ambacho hakikuwepo.

Mama, mwezi wa tano uliniomba nije nami sikuweza. Sasa mimi ndiye ninayekuomba. Nina daktari, nina hospitali nzuri, nina mume anayejua kaskazini iko wapi. Lakini nikifikiria siku ile, mtu ninayetaka awepo karibu ni wewe. Kompyuta izime, uichomoe ukutani, funguo mpe fundi cherehani.

Njoo.

Mwanao


Tarehe 27 Septemba, kwenye kikaratasi kilichopelekwa na muuguzi wa zamu

Mama,

Nimeambiwa kwamba kwenye benchi la nje kuna mama mmoja mgeni anayewaelekeza wauguzi namna ya kusukuma kitanda. Nimewaambia huyo si mgeni, ni mama yangu, wamwache aelekeze.

Amefika. Ni wa kike. Ulimsikia? Walisema amesikika mpaka kwa walinzi, lakini sijui kama sikio lako limepata. Yuko kifuani kwangu, ana nywele nyingi na amekunja uso kama mtu aliyeamshwa bila ruhusa. Mwanao amekaa, kawekewa maji. Mimi ni mzima, Mama. Sisi wawili ni wazima.

Sasa wanaruhusu mtu mmoja kuingia. Nimewaambia ni wewe.

Mwanao


Nyuma ya kikaratasi hicho hicho

Mwanangu,

Nilimsikia. Nilimsikia kwa masikio yote mawili.

Naja, lakini nipe muda kidogo. Maisha yangu yote nimekuwa natoka kwenye mlango kama huu kuwaita bibi za watoto waliokaa kwenye benchi, na kila mara nilikuwa nawashangaa. Namwambia mtu, bibi karibu, mjukuu amefika, na yeye anabaki amekaa ananitazama. Nilikuwa nadhani hawakunielewa.

Kumbe ni miguu. Mwambie mwanangu aje anishike mkono, nisimame.

Bibi yake